Deni la wamiliki lilivyomng'oa José Reyes New York

Septemba 28, 2011, siku ya mwisho ya msimu, José Reyes wa timu ya besiboli ya New York Mets aliingia kupiga katika raundi ya kwanza ya mchezo. Hakuzungusha mikono kwa nguvu. Aliukinga tu mpira kwa kigongo, ukadondoka taratibu nyasini, naye akatimua mbio hadi kituo cha kwanza kabla Cincinnati Reds hawajauokota na kuutupa. Akafika salama. Kisha akatolewa, kwa ombi lake mwenyewe, akaenda kukaa benchi. Alikuwa akiwania taji la mpigaji mwenye wastani wa juu kuliko wote katika National League, mojawapo ya ligi mbili za besiboli ya juu Marekani, na pigo lile dogo lilimfikisha .337, yaani takriban mapigo 337 katika kila zamu 1,000 za kupiga. Angeendelea kucheza, wastani ungeweza kushuka.

Baadhi ya mashabiki waliokuwa Citi Field, uwanja wa Mets, walimzomea. Hasira yao naielewa. Walikuwa wamelipa kiingilio wamwone mtu wao siku nzima, na wengi walishahisi kwamba hawatamwona tena na jezi ile. Reyes alilitwaa taji, mchezaji wa kwanza wa Mets kufanya hivyo tangu timu ianze kucheza mwaka 1962. Wiki kumi baadaye alisaini Miami Marlins, miaka 6, dola milioni 106. Yeye mwenyewe alisema Mets hawakuwahi kumwekea mezani ofa ya kweli.

Sababu za kimichezo zilikuwepo. Misuli ya paja ilikuwa ikimsumbua, alikuwa ametimiza miaka 28, na mchezaji anayetegemea mbio hazeeki vizuri. Meneja mkuu yeyote makini angezitaja. Lakini Mets ni timu ya New York, jiji ambalo halina mfano Marekani kwa wingi wa watazamaji na wafadhili, na wamiliki wake wa wakati huo walikuwa na hisa katika kituo cha televisheni kilichorusha mechi zake. Timu ya namna hiyo kumwachia bingwa wake wa kupiga aondoke bila hata kuvutana bei ni jambo linalotaka maelezo mengine. Maelezo hayo hayako uwanjani. Yako kwenye madaftari ya wamiliki, na yanaanzia kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na cheo chochote kwenye timu: Bernard Madoff, mwekezaji wa fedha za watu aliyegundulika kuwa tapeli.

Mishahara ya besiboli inavyofungwa

Kwanza tuelewe kwa nini mmiliki wa timu ya besiboli aliyeishiwa hawezi kupunguza mishahara kwa siku moja.

Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, haina ukomo wa bajeti ya mishahara. Ina kodi ya anasa: timu ikivuka kiwango kilichowekwa, inalipa asilimia fulani ya kile kilichozidi. Mwaka 2011 kiwango kilikuwa dola milioni 178, na Mets walikuwa mbali chini yake. Kwa hiyo sheria haikuwabana. Hakuna aliyewakataza kumlipa Reyes.

Kinachobana ni mkataba wenyewe. Katika besiboli mkataba ukishasainiwa, fedha zote zilizoandikwa hulipwa. Mchezaji akivunjika mguu, analipwa. Akishuka kiwango, analipwa. Akitemwa kabla ya mkataba kwisha, analipwa akiwa nyumbani kwake. Machi 2011 Mets waliwatema wachezaji wawili ndani ya siku chache, Luis Castillo aliyekuwa akidai dola milioni 6 na mrushaji Oliver Pérez aliyekuwa akidai milioni 12. Hawakuokoa hata senti. Walilipa dola milioni 18 ili nafasi mbili kikosini zibaki wazi kwa wengine.

Njia za kupunguza mishahara ni chache. Unaweza kusubiri mikataba mikubwa ifike mwisho usiiongeze, au umuuze mchezaji katikati ya msimu kwa timu itakayobeba sehemu ya mshahara wake. Njia nyingine ni kujaza kikosi kwa chipukizi. Hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko mtu wa nje anavyodhani. Mchezaji akipanda Ligi Kuu, kwa miaka mitatu hivi ya mwanzo klabu humlipa karibu inavyotaka, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2012 kilikuwa dola 480,000. Miaka mitatu inayofuata mshahara wake unaweza kuamuliwa na wasuluhishi, na hupanda. Akitimiza miaka sita ndipo anakuwa huru kwenda kwa mwenye dau kubwa. Reyes alikuwa huru mwishoni mwa msimu wa 2011, mkataba wake ulipokwisha.

Kwa hiyo ukitaka kujua mmiliki ana shida kiasi gani, usitazame mishahara ya mwaka ule mambo yalipoharibika. Tazama miaka miwili au mitatu baadaye, mikataba ya zamani inapokwisha. Madoff alikamatwa Desemba 2008. Mwaka 2009 Mets walikuwa bado wanalipa karibu dola milioni 149. Pigo lilionekana kikosini mwaka 2012.

Benki isiyokuwa benki

Fred Wilpon na shemeji yake Saul Katz walitajirika kwa majengo kupitia kampuni yao, Sterling Equities. Wilpon aliingia Mets mwaka 1980 akiwa na hisa ndogo, mwaka 1986 akawa mmiliki wa nusu pamoja na Nelson Doubleday, na mwaka 2002 akainunua nusu ya mwenzake. Wakati huo timu ilithaminiwa dola milioni 391.

Miaka yote hiyo familia, kampuni, marafiki na hata timu walikuwa na mamia ya akaunti kwa Madoff. Watu wengi waliosikia habari hii walidhani ni ya matajiri walioibiwa akiba yao, kama mstaafu anavyoweza kutapeliwa kiinua mgongo. Si hivyo. Kwa Sterling, akaunti za Madoff zilikuwa mahali pa kuegesha fedha zinazosubiri kazi. Unaweka, zinazaa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila kuyumba, na ukizihitaji unazichukua. Ilikuwa benki yao, ila benki inayolipa kuliko benki yoyote duniani.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa ukaribu ni wa mchezaji wao Bobby Bonilla. Mwaka 2000 Mets walitaka kuachana naye, naye alikuwa anawadai dola milioni 5.9. Badala ya kumlipa, walikubaliana naye kuahirisha. Deni likae miaka 11 likizaa riba ya asilimia 8, kisha kuanzia Julai 1, 2011 alipwe dola 1,193,248.20 kila mwaka kwa miaka 25, hadi 2035. Jumla inakaribia dola milioni 30.

Kila mwaka ifikapo Julai 1 Marekani nzima huwacheka Mets kwa mkataba huu. Nadhani wanaocheka wanakosea wanachokicheka. Kuahirisha malipo si ujinga. Thamani ya fedha ya mwaka 2035 si sawa na ya mwaka 2000, na timu nyingi hufanya hivyo hadi leo. Kosa lilikuwa kwenye hesabu iliyokuwa nyuma yake. Ukiamini una mahali panapokupa zaidi ya asilimia 10 kila mwaka bila kukosa, kumlipa mtu asilimia 8 ni faida tupu. Unabaki na milioni 5.9 zako leo, unaziweka, zinamlipa Bonilla, na chenji inabaki. Hesabu ni safi kabisa endapo ile asilimia 10 ipo.

Haikuwepo. Madoff hakuwa amenunua hisa wala dhamana kwa fedha za wateja. Ulikuwa upatu haramu: aliyetoa jana alilipwa kwa fedha za aliyeweka leo, na karatasi za hesabu zilizotumwa kwa wateja kila mwezi zilikuwa za kubuni. Alihukumiwa kifungo cha miaka 150 mwaka 2009, akafia gerezani mwaka 2021.

Kwa Mets, alipoanguka Madoff hakikupotea kiasi fulani cha fedha peke yake. Ilipotea pampu. Kila mpango uliojengwa juu ya asilimia 10 ulibaki na upande mmoja tu, upande wa deni. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga, na hapa matanga yalikuja pamoja na mdai mwingine ambaye hakuna aliyemtarajia.

Faida iliyogeuka deni

Mdai huyo alikuwa Irving Picard, mfilisi aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali ili waliopoteza warudishiwe. Kazi yake inasimama juu ya hoja moja ambayo mwanzoni huonekana kama dhuluma. Upatu wa aina hii ukivunjika, waathirika wako makundi mawili. Wapo walioweka zaidi ya walichotoa, hao wamepata hasara. Wapo waliotoa zaidi ya walichoweka, kwa sababu kila mara walichukua "faida". Faida hiyo haikutoka popote isipokuwa mifukoni mwa kundi la kwanza. Kwa hiyo, asema mfilisi, irudisheni, hata kama hamkujua.

Sterling, kwa kuwa walitumia akaunti zile kama benki, wakitoa na kuweka miaka mingi, walikuwa kundi la pili. Picard aliwafungulia kesi Desemba 2010 akidai dola bilioni 1: takriban milioni 300 za faida hewa, na milioni 700 za mtaji waliokuwa wameutoa, akidai kwamba walifumbia macho dalili za utapeli. Wilpon na Katz walikana vikali.

Dai la bilioni moja ni gogo barabarani hata kabla ya hukumu. Benki haikukopeshi kwa riba ya kawaida, mnunuzi wa hisa anaogopa kununua kesi, na wewe mwenyewe hujui kama kesho utaamka tajiri au mufilisi. Na Mets walikuwa na madeni mengine ya kutosha. Timu ilikuwa na mkopo wa zaidi ya dola milioni 400. Citi Field, uliofunguliwa Aprili 2009, ulijengwa kwa hati za deni zilizodai zaidi ya dola milioni 40 kila mwaka, watu waje wasije. Kampuni ya Citigroup ililipia jina la uwanja dola milioni 20 kwa mwaka kwa miaka 20, na hilo lilisaidia, lakini kwa hesabu hiyo haifiki hata nusu ya marejesho ya uwanja peke yake.

Novemba 2010 ligi yenyewe iliwakopesha Mets dola milioni 25 kimyakimya. Habari zilivuja miezi michache baadaye. Mei 2011 Fred Wilpon alikiri kwa waandishi kwamba timu inavuja fedha na inaweza kupata hasara ya dola milioni 70 mwaka ule. Mwezi huohuo alitangazwa mwekezaji, David Einhorn, ambaye angetoa dola milioni 200. Ilipofika Septemba mazungumzo yakavunjika.

Weka tarehe hizo kando ya maamuzi ya kikosi. Julai 12, 2011, usiku uleule mechi ya nyota wa ligi ilipomalizika, Mets walimuuza Francisco Rodríguez, mrushaji wao wa kufunga michezo, yaani anayeingia mwishoni kulinda ushindi, kwenda Milwaukee. Mkataba wake ulikuwa na kipengele: akimaliza michezo 55 msimu ule, mwaka unaofuata analipwa dola milioni 17.5 bila mjadala. Alikuwa ameshavuka nusu ya njia. Kila mara kocha alipomwita kuja kufunga mchezo, alikuwa anasogeza timu karibu na bili ambayo haikuwa na fedha za kuilipa. Hebu fikiria kocha akiwa benchi, mchezo umefika raundi ya tisa, timu inaongoza kwa pointi moja, na mrushaji wake bora wa muda huo ni hatari kwa mfuko wa mwajiri wake.

Wiki mbili baadaye aliondoka Carlos Beltrán kwenda San Francisco Giants, akabadilishwa na chipukizi mmoja, mrushaji Zack Wheeler. Huo ulikuwa uamuzi mzuri wa kimichezo, maana mkataba wa Beltrán ulikuwa unakwisha na Wheeler alikuja kuwa mrushaji wa daraja la juu. Sitaki ionekane kwamba kila kilichofanywa na timu yenye njaa ni kibaya. Sandy Alderson, meneja mkuu aliyeletwa Oktoba 2010, alikuwa fundi, na fundi hata akipewa mbao chache hujenga kitu.

Kisha msimu ukaisha, na mikataba ya Pérez, Castillo, Beltrán na Reyes ikaisha nao. Miaka mitatu baada ya Madoff, mlango wa kupunguza ulifunguka wote kwa pamoja. Kati ya 2011 na 2012 mishahara ilishuka kwa zaidi ya dola milioni 50, hadi milioni 90 na ushee. Wakati ule ilielezwa kuwa punguzo kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa na timu ndani ya mwaka mmoja. Reyes, ambaye mwaka 2011 alilipwa dola milioni 11, alikuwa sehemu ya punguzo hilo. Kumbakiza kwa milioni 106 kungemaanisha ahadi ya miaka sita kutoka kwa watu ambao hawakuwa na hakika ya miezi sita.

Alichokosewa shabiki

Machi 2012, siku kesi ilipokuwa ianze, Picard na Sterling walipatana. Dai la bilioni moja lilishuka hadi dola milioni 162, na mfilisi aliondoa tuhuma kwamba walifumba macho makusudi. Miaka mitatu ya mwanzo hawakutakiwa kulipa kitu. Isitoshe, Sterling walikuwa na akaunti nyingine zilizopata hasara, na madai yao ya hasara hiyo yangekatwa humo, kwa hiyo kilichotoka mfukoni mwishowe kilikuwa kidogo zaidi. Karibu na wakati huo waliuza hisa ndogondogo 12, kila moja dola milioni 20, wakapata milioni 240. Baadhi zilinunuliwa na makampuni yaliyokuwa karibu nao. Wakalipa mkopo wa ligi na mkopo wa muda wa benki.

Yaani moto mkubwa ulizimwa mapema. Lakini mishahara haikurudi. Mwaka 2013 na 2014 Mets walibaki katika kiwango cha timu za miji midogo. Desemba 2012 walimuuza R.A. Dickey, aliyekuwa ametoka kutwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora, kwenda Toronto. Mashabiki walizidi kuambiwa kwamba fedha zipo, kwamba mchezaji anayefaa akipatikana zitatumika, kwamba huu ni mpango wa kujenga kwa subira.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowatetea Wilpon. Kuishiwa si aibu, na kutapeliwa na Madoff kuliwakuta watu makini kuliko wao. Ila mtu anayelipa tiketi ya dola kadhaa kwa kila kiti, na maegesho, na chakula cha watoto wake, anastahili kuambiwa kinachouzwa. Wengi waligundua wenyewe. Mwaka 2009 watu zaidi ya milioni 3.1 waliingia Citi Field. Mwaka 2012 walikuwa milioni 2.2. Na hilo lenyewe lilizidi kuibana timu, kwa sababu marejesho ya uwanja hayapungui watu wakipungua. Viti vitupu vinapunguza fedha, fedha zikipungua kikosi kinadhoofika, kikosi dhaifu kinaongeza viti vitupu.

Kwa nini basi hawakuuza timu? Jibu ni kwamba mali na fedha taslimu ni vitu viwili. Mwenye shamba la mikorosho lenye thamani kubwa anaweza kukosa nauli ya daladala. Timu ya besiboli hupanda thamani mwaka hadi mwaka kwa sababu ziko 30 tu na matajiri wanaozitaka ni wengi, lakini kupanda huko hakulipi mshahara wa mwezi Agosti. Kwa mmiliki, kuvumilia miaka mitano ya kikosi hafifu huku thamani ikikua ni biashara nzuri. Kwa mtoto wa Queens, eneo la New York ulipo uwanja wa Mets, mwenye miaka kumi, miaka hiyo mitano ndiyo utoto wake wote wa kupenda timu.

Na walipewa muda wa kuvumilia. Mwaka uleule wa 2011, kamishna wa ligi Bud Selig aliwaingilia Los Angeles Dodgers. Mmiliki wao, Frank McCourt, alikuwa katikati ya talaka ya gharama kubwa na amekopa dola milioni 30 ili alipe mishahara ya Aprili. Selig akaweka msimamizi wake juu ya timu. McCourt alikimbilia mahakama ya ufilisi Juni, na mwaka uliofuata timu ikauzwa kwa takriban dola bilioni 2. Los Angeles walipata wamiliki wenye fedha ndani ya mwaka mmoja, na tangu hapo hawajui njaa. New York walipata mkopo wa siri. McCourt alituhumiwa kuikamua timu kwa matumizi yake binafsi na Wilpon hakutuhumiwa hivyo, nalo ni tofauti kubwa. Lakini Wilpon alikuwa pia rafiki wa Selig wa miaka mingi, na sioni namna ya kulisimulia jambo hili kwa ukamilifu bila kulitaja.

Makinda wa bei rahisi

Mwaka 2015 Mets walifika fainali ya World Series, wakafungwa na Kansas City Royals michezo 4 kwa 1. Wapo wanaoutumia msimu huo kuthibitisha kwamba umaskini uliwafundisha busara. Tazama warushaji waliowabeba: Matt Harvey, Jacob deGrom, Noah Syndergaard aliyekuja kwa kubadilishwa na Dickey, na Steven Matz. Wote wanne walikuwa ndani ya ile miaka ya mwanzo ambamo klabu hupanga mshahara. Hakuna hata mmoja aliyefikisha dola milioni moja mwaka ule. Bobby Bonilla, mwenye miaka 52 na ambaye mara ya mwisho kuivalia Mets ilikuwa 1999, alilipwa na timu zaidi kuliko deGrom.

Naiheshimu kazi ya maskauti na walimu waliowapata vijana wale. DeGrom alichaguliwa raundi ya tisa ya usajili wa chipukizi wa 2010, mahali ambapo timu nyingi hazitarajii kuokota kitu. Lakini warushaji wanne bora kwa bei hiyo ni dirisha linalofunguka mara moja na kujifunga lenyewe. Viwiko vinaumia, miaka inahesabika, mishahara inapanda. Timu yenye fedha hutumia kipindi hicho kununua wapigaji wa kuwazunguka. Mets walisubiri hadi Julai 31, siku ya mwisho ya mabadilishano, ndipo wakamleta Yoenis Céspedes, naye akawasha moto hadi Oktoba. Mwaka 2016 walitolewa katika mchezo mmoja wa mtoano, kisha dirisha likafungwa. DeGrom alitwaa Cy Young mwaka 2018 na 2019 akiwa na timu ambayo mara nyingi ilishindwa kumfungia hata pointi mbili.

Novemba 2020 Wilpon na Katz waliiuza timu kwa Steve Cohen, tajiri wa mifuko ya uwekezaji, kwa takriban dola bilioni 2.4. Kumbuka ile thamani ya 2002, dola milioni 391. Ndani ya tofauti hiyo imo miaka yote niliyoisimulia.

Cohen alikuja na tatizo la aina nyingine. Kabla hajamaliza miaka miwili, ligi iliongeza ngazi mpya ya juu kabisa katika kodi ya anasa, na magazeti yakaipa jina lake. Mwaka 2023 alilipa mishahara iliyovunja rekodi, kodi yake peke yake ikakaribia dola milioni 101, zaidi ya mishahara yote ya kikosi cha 2012. Mets walishinda michezo 75, wakapoteza 87. Katikati ya msimu alimuuza Max Scherzer kwenda Texas na Justin Verlander kwenda Houston, huku akiendelea kuwalipia sehemu kubwa ya mishahara ili apewe chipukizi bora. Ni njia ileile ya Julai 2011 ya kuuza nyota katikati ya msimu, ila safari hii muuzaji alitoa fedha ili apate mchezaji, wakati mwaka ule alimtoa mchezaji ili fedha zisitoke.

Pamoja na timu, Cohen alirithi na ahadi zake. Mwezi ule wa kwanza aliwaambia mashabiki mtandaoni kwamba angependa siku ya Bonilla isherehekewe uwanjani, Bonilla mwenyewe azungushwe ndani ya Citi Field na hundi kubwa mkononi. Malipo yanaendelea kila Julai 1, dola 1,193,248.20. La mwisho litafanyika mwaka 2035, Bonilla akiwa na miaka 72.